Duka Lisilosema Karibu

Duka langu liko nyuma ya msikiti, mlango mmoja tu, na kwa zaidi ya miaka thelathini halikuwa na kibao. Nauza sanda. Nauza pia kafuri, pamba, maji ya waridi, sabuni na mikeka, lakini anayekuja kwangu huja kwa ajili ya kitambaa cheupe, na vile vingine huvichukua kwa sababu mimi ndiye namkumbusha. Maiti wa kiume nawaosha mwenyewe bila malipo, kama nilivyofundishwa na maalim wangu nilipokuwa kijana wa madrasa hapa hapa Isiolo. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kazi hii. Imenilisha, na imenizuia kusahau.

Kazi yenyewe ina adabu zake. Anayeingia simwambii karibu. Naitikia salamu yake, nanyamaza, naye ndiye huanza kusema. Namuuliza tu kama ni mwanamume au mwanamke, na kama ni mtoto nasubiri aseme mwenyewe. Kitambaa sikikati kwa mkasi. Nakichana kwa mkono, na sauti ya kuchanika husikika mpaka mlango wa pili, kwa mama mmoja wa Kimeru anayeuza chai na mandazi. Yeye ni Mkristo, kila Jumapili yuko kanisani, na tumekaa jirani miaka mingi. Akisikia sauti ile hupunguza redio. Sikuwahi kumwomba. Mteja akitoka, sisemi karibu tena. Nani angependa kukaribishwa tena mahali kama pale? Nasema, "Mwenyezi Mungu awape subira," naye huitikia amina, au hushindwa kuitikia na kwenda zake.

Wenyeji wote walijua nilipo. Mtu akifiwa, watu huelekezana, na kabla maji ya kuoshea hayajapata moto, mjumbe ameshafika mlangoni kwangu. Sikuona haja ya kujitangaza mpaka siku walipokuja wana wa mzee mmoja kutoka Sericho.

Walikuwa wamemleta baba yao hospitali kwa safari ya siku nzima, wakiwa hawamjui mtu yeyote mjini. Mzee alifariki alfajiri. Wakazunguka maduka ya nguo wakiuliza, huyu akawatuma huku, yule akawatuma kule, na kila waliyemuuliza alikuwa mgeni kama wao. Walinifikia baada ya swala ya alasiri. Mkubwa wao alisimama mbele yangu, viatu vimejaa vumbi, akasema, "Maalim, nimepita hapa mara mbili tangu asubuhi. Nilidhani ni stoo."

Maiti anatakiwa kuharakishwa kwenye kaburi lake. Huyu alikuwa amengoja mchana kutwa kwa sababu mlango wangu ulifanana na stoo. Nilimwosha baba yao siku hiyo huku nikiona aibu mbele yake.

Nilipomsimulia binti yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alisema, "Aba, watu siku hizi hawaulizi mtu. Wanauliza simu. Kama humo kwenye simu, hupo."

"Nipo miaka thelathini."

"Kwa wanaokujua, Aba."

Akasema atanitengenezea tovuti. Watu wa hapa huiita websaiti, na wakati huo nilikuwa najua tu kwamba wenye hoteli na wenye kukodisha magari ya watalii wanayo. Mama wa chai alikuwa ameleta vikombe, akasikia, akaweka mkono kiunoni.

"Haki mzee, sasa utauza sanda kwa intaneti kama viatu? Na mtu akisema saizi haikumtosha, atarudisha?"

"Kwangu hakuna aliyewahi kurudisha," nilimjibu.

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gunia. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Binti yangu alikaa nami Jumamosi mbili, kompyuta yake ikiwa juu ya meza ninayokunjia vitambaa. Alinieleza kwamba hatuanzi kutoka mwanzo. Kuna duka ambalo limeshatengenezwa na watu wa mbali, lilelile kwa wauza viatu, wauza simu na wauza keki, na mtu hulichukua akabadilisha maneno na picha. Akageuza lugha yake kuwa Kiswahili kwa kubonyeza mara moja. Kisha akanisomea kila kilichoandikwa, nami nikawa nasema hiki kibaki, hiki kitoke.

Vingi vilitoka. Kulikuwa na picha ya mwanamke anayecheka akiwa na mifuko mikononi. Ikatoka. Kulikuwa na "bidhaa mpya", na "bei nafuu", na "nunua mbili". Vikatoka vyote. Juu kabisa palikuwa na "Karibu dukani kwetu" kwa herufi kubwa, nikamwambia hilo ndilo la kwanza kutoka. Tukaweka salamu, tukaweka maneno tunayosema anapofariki mtu, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Tukaweka ramani ya kufikia mlango, namba ya simu, na orodha ya vitu bila picha hata moja. Mama wa chai aliitazama, akasema, "Hii sasa ina heshima. Hata mimi naweza kuifungua na nisiogope."

Lilibaki jambo moja.

"Aba, sasa tujaribu," binti yangu alisema. "Najaza jina langu na namba yangu, najifanya nanunua, halafu tunaona mteja anatumiwa nini."

"Unajaza jina lako wapi?"

"Kwenye oda."

"Oda ya sanda?"

"Ni kujaribu tu, Aba."

"Usijaribu."

"Basi niweke jina la uwongo."

"Kila jina lina mwenyewe. Usiliandike."

Wako wazee ambao wamejinunulia sanda zao kwangu wakiwa hai. Wanaziweka sandukuni, wanazitoa mara kwa mara kuzitazama ili wasiisahau safari. Hiyo ni ibada. Lakini kuandika jina la mwanangu aliye mzima kwenye oda ya sanda, kwa mchezo, nilihisi mwili wangu ukikataa. Mama wa chai aliniunga mkono. "Hapo mzee yuko sawa. Vitu vingine mtu hajaribu." Binti yangu alifunga kompyuta. Ni mtoto mtiifu. Alifanya kama baba yake alivyotaka.

Lazima niseme ukweli kuhusu tovuti ile, kwa sababu wapo watakaosoma haya wakitaka kujua kama inafaa. Ilifaa. Haukupita mwezi, mtu mmoja anayefanya kazi ng'ambo alifiwa na mama yake huko huko Sericho. Aliona jina la duka kwenye simu yake, akaagiza, na sanda ilitoka hapa asubuhi na mapema kwa gari lililokuwa linapeleka unga. Mama yake alizikwa jioni ya siku hiyo hiyo akiwa na kila kitu anachostahili. Yule mtu alinipigia simu akilia, akasema nimemfanyia alichotakiwa kufanya yeye. Nilisujudu sijida ya shukrani pale pale dukani. Niliwaza kwamba kama ningekuwa na kitu hiki mapema, yule mzee asingengoja mpaka alasiri.

Kisha wakaja watu wa Rapsu.

Walikuwa mume na mke, wakulima wa vitunguu kwenye mashamba ya mfereji, na watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka miwili. Wote wawili walishikwa na ile homa isiyoisha, inayovimbisha tumbo, ambayo madaktari husema huletwa na usubi wanaokaa kwenye vichuguu. Walicheleweshwa kuletwa, si kwa uzembe, bali kwa sababu kwanza ilidhaniwa kuwa malaria. Hospitali iliwalaza kitanda kimoja na kuwaanzishia sindano, moja kila siku kwa zaidi ya wiki mbili.

Mkubwa alifariki siku ya tano. Mama yake alikuwa na kaka anayefanya kazi Nairobi, na huyo kaka ndiye aliyetafuta kwenye simu, akaliona duka langu, akaagiza na kulipa. Kwenye nafasi ya namba ya simu aliandika ya dada yake, maana ndiye aliyekuwa hospitali.

Kitambaa cha mtoto wa miaka minne ni kidogo. Nikikichana sauti yake ni fupi, imeisha kabla mtu hajajua imeanza. Baba alikuja kukichukua, nikamwambia maneno niwaambiayo wote. Wanawake walimwosha mtoto, tukamswalia baada ya adhuhuri, tukamzika. Mama hakutoka wodini. Alikuwa na wa pili mikononi.

Siku sita baadaye yule baba alirudi. Alisimama mlangoni, akatoa salamu vizuri, nikaitikia. Alikuwa ameshika simu ya mkewe.

"Soma, maalim."

Nilivaa miwani. Ulikuwa ujumbe mfupi, na chini yake jina la duka langu. Ulisema: "Asante kwa kununua kwetu! Tunatumaini umefurahia. Karibu tena hivi karibuni."

Nilisoma mara mbili. Nilikaa.

"Ni wewe umeandika?" aliuliza.

"Sikuandika. Lakini ni duka langu."

"Mke wangu ameusoma akiwa ameketi na mtoto. Hajala tangu jana. Anasema maalim anaosha maiti, maalim ana elimu, huenda ameonyeshwa kitu. Anauliza umeona nini juu ya huyu mdogo."

"Mwambie sijaona chochote. Ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Hii ni mashine, inasema hivyo kwa kila anayenunua chochote."

"Nimemwambia ni mashine. Njoo umwambie wewe."

Nilifunga duka tukaenda kwa miguu.

Mama alikuwa msichana tu, pengine hakufika miaka ishirini na tano. Mtoto alikuwa amelala juu ya mapaja yake, tumbo limetuna, mikono kama vijiti vya mswaki. Nilimsalimu. Aliitikia bila kuinua macho.

"Binti yangu, nimekuja kukuomba radhi."

"Umeona nini, maalim?"

"Wallahi sijaona kitu. Ni maneno ya duka la watu wengine, yalikuwa ndani, sikujua yamo. Hata wauza viatu wanatuma hayo hayo."

"Mimi sikununua viatu."

"Najua."

"Ulipoandika karibu tena, ulikuwa unamwambia nani?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, bibi mmoja wa Kiturkana, aligeukia ukutani ili asitusikilize. Nilisema kile nilichojua kusema. Kwamba Mwenyezi Mungu husamehe yaliyo baina yake na mja wake, lakini yaliyo baina ya mtu na mtu huyaacha mikononi mwa aliyeumizwa. Kwamba mimi ni mzee, sina muda mrefu, nisingependa kwenda na jambo hili. Kwamba naomba anisamehe kwa ajili ya Mungu.

Hapo aliinua macho.

"Ngoja kwanza, maalim. Nione kama huyu atatoka hapa."

Nilimwambia ni haki yake. Nikamwombea mtoto, nikaondoka.

Jioni hiyo binti yangu aliingia kwenye tovuti akatafuta yale maneno yalikojificha. Yalikuwa nyuma, mahali ambapo mwenye duka hapaoni, yanajituma yenyewe siku kadhaa baada ya kila oda. Kumbe hata yule wa ng'ambo alitumiwa. Tulipompigia alisema aliyaona, akayafuta, akadhani ndivyo mashine zilivyo, hakutaka kunihuzunisha. Binti yangu aliyaondoa kwa kugusa mara moja, kisha akafunika uso.

"Ungeniacha nijaribu, Aba," alisema. Mara akaziba mdomo wake, kama mtu aliyemtukana mzazi.

"Ni kweli," nilimwambia. "Ningekuacha."

Nimelifikiria hilo sana. Heshima niliyoiweka kwenye jina la mwanangu sijutii kuwa nayo moyoni. Najuta kwamba niliishia hapo. Nililinda jina la aliye mzima, na sikuuliza aliyefiwa atasikia nini. Ningeweza kuandika jina langu mimi mwenyewe. Nina umri wa kuandikwa kwenye sanda, wala isingekuwa mchezo. Hilo halikunijia akilini siku ile, na hakuna aliyenizuia kulifikiria.

Kila siku baada ya swala ya asubuhi nilimwombea yule mtoto. Sitaficha kwamba nilikuwa naomba mambo mawili kwa pamoja, uzima wake na radhi ya mama yake, na kuna siku sikujua nimeanza na lipi. Mama wa chai naye alisema ameliweka jina la mtoto kwenye maombi ya akina mama wa kanisa lao. Alikuwa akienda wodini na chupa ya uji, akirudi ananiambia, "Leo amefungua macho," au, "Leo sindano imemliza. Kulia ni kuzuri, mzee. Ana nguvu ya kulia."

Zilikuwa zimebaki sindano tatu. Ijumaa, baada ya alasiri, ilitangazwa msikitini kwamba kuna janaza ya mtoto, na aliyetajwa kuwa baba yake ni yule wa Rapsu.

Nilirudi dukani mbio, kadiri miguu yangu inavyoweza, nikashusha kitambaa kutoka rafu ya juu nikangoja. Hakuja mtu. Mama wa chai alisimama mlangoni kwake, mikono kwenye aproni, akinitazama. Ilipokaribia magharibi nilirudi msikitini, nikasimama safu ya mwisho.

Walikuwa wamenunua kitambaa kwenye duka la nguo sokoni. Kilikuwa cheupe, na kwa sheria kinafaa, hakuna ubaya. Lakini tulipomshusha kaburini niliona kwamba kilikuwa cha pazia. Kilikuwa na maua yaliyofumwa humo humo, meupe juu ya weupe, yanayoonekana ukikikaribia tu. Walipita mtaa wangu kwenda kukinunua. Baba yake aliniona nikiangalia. Hakunifukuza, wala hakunisalimu.

Baada ya hapo duka langu halikupungua, liliongezeka. Watu huniona kwenye simu kutoka Merti, kutoka Garba Tula, kutoka kwa jamaa zao walio Nairobi na ng'ambo. Maiti hawangoji tena kama yule mzee alivyongoja, na kwa hilo namshukuru Mungu. Jirani anayeuza nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, alinijia majuzi akitaka kufanya kama mimi.

"Maalim, nambie ukweli. Hiyo websaiti inasaidia, ama ni hewa?"

"Inasaidia," nilimwambia.

"Mbona unasema kama mtu ameng'olewa jino?"

Nilimwambia tu kwamba akitengenezewa, anunue nyama yake mwenyewe kwanza, mpaka mwisho, asome kila neno litakaloingia kwenye simu yake siku ile na siku zinazofuata. Alidhani namfundisha mambo ya kompyuta. Akaniambia wazee siku hizi wameamka.

Yule mama wa Rapsu alikuja mwenyewe. Zilikuwa zimepita wiki nyingi, mume wake alikuwa ametangulia shambani, naye alikuwa safarini kurudi Rapsu baada ya kukaa kwa shangazi yake hapa mjini. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo. Alitoa salamu, nikaitikia, nikamsogezea kiti. Hakukaa.

"Maalim, nimekuja kukuambia kitu kabla sijaondoka. Najua hukumuua mtoto wangu. Najua ni mashine. Kila nikimaliza kuswali najaribu kusema nimemsamehe maalim. Nafika kwenye jina lako, ulimi unakataa. Nimejaribu sana. Nimeona nije nikwambie, usije ukafa ukidhani nimesema."

Nimewaona watu wengi wakisema wamesamehe, wakiwa mbele ya jeneza, kwa sababu watu wanawatazama. Sijawahi kuona mtu akibeba ukweli mzito hivyo mpaka mlangoni kwa aliyemuumiza.

"Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kuniambia," nilisema. "Usijilazimishe."

"Nitaendelea kujaribu."

"Inatosha."

Alichukua mfuko wake akaenda kutafuta gari la Kinna la kumsogeza kwao.

Mwaka huu kifua kimeanza kunisumbua, na mambo yangu nimeyapanga. Kwetu, kabla ya kumswalia maiti, husimama mtu wa familia akauliza kama kuna aliye na jambo na marehemu, na watu huitikia kwamba wamesamehe. Nimemwagiza binti yangu kwamba siku yangu ikifika wasianze kuuliza msikitini. Kwanza apige simu Rapsu, amuulize yule mama kwa upole. Akisema amesamehe, awaambie watu. Akisema bado, ashukuru, akate simu, waniswalie hivyo hivyo. Na asimpigie mara ya pili.